Monita inayogoma asubuhi na kupona mchana: uchambuzi wa kisa kimoja

Usuli

Duka ni la steshenari, chumba kimoja kando ya barabara ya kwenda stendi, katika mji wa Nyanda za Juu Kusini ambako kuanzia Juni hadi Agosti watu hufungua maduka wakiwa na makoti na kofia za sufu. Mwenye duka nitamwita Mama Steshenari, maana akina mama wa jina hilo wako kila mji. Ana kompyuta moja ya mezani, printa, na mashine ya fotokopi. Anataipu barua, anachapa mitihani ya shule za jirani, anawajazia vijana fomu za vyuo na mikopo mtandaoni. Kompyuta ikisimama, duka linabaki la kuuza peni na madaftari.

Monita yenyewe ni ya inchi 19, ile ya mraba, lebo ya nyuma inasema 2008. Iliingia nchini ikiwa imeshatumika ofisini Ulaya, naye akauziwa pamoja na kompyuta miaka minne kabla ya kisa hiki. Ni ya kizazi cha taa za mirija: nyuma ya kioo kuna mirija minne ya mwanga, myembamba kuliko penseli, miwili juu na miwili chini, inayowashwa na sehemu ya saketi tunayoiita inveta. Monita za LED hazina mirija hiyo, na dalili nitakazozieleza hapa zikitokea kwenye LED njia ya kuzifuata inabadilika mahali fulani.

Nimebadilisha vitu vichache ili mhusika asitambulike. Mimi ni fundi, na sehemu ya makosa yaliyomo humu ni yangu.

Malalamiko yalivyofika

Alinipigia simu kwa sentensi moja: "Fundi, kioo kinawaka halafu kinazima, na nina mitihani ya darasa la saba hapa."

Sentensi hiyo inabeba magonjwa kumi. Kompyuta nzima inaweza kuwa inajizima. Kebo inaweza kuwa imelegea. Inaweza kuwa mpangilio wa kuokoa umeme tu, ule wa kuzima skrini baada ya dakika kadhaa bila kuguswa, ambao mtu aliuweka kwa bahati mbaya. Kwa hiyo nikamuuliza maswali ya kawaida. Feni ya kompyuta inaendelea kuunguruma? Ndiyo. Kitaa kidogo cha monita kinabaki na rangi gani? Kijani, kama kawaida. Inazima baada ya muda gani? "Hapohapo tu, hata hujasoma kitu." Unafanyaje ili ikubali? "Naizima naiwasha, naizima naiwasha, mpaka ichoke kunisumbua."

Kitaa cha kijani ni habari kubwa. Monita isiyopata picha kutoka kwenye kompyuta hubadilisha kitaa kuwa cha njano au hukipepesa. Hii ilikuwa inaona picha, ikajiamini kabisa kwamba inaionyesha, huku kioo ni cheusi.

Niliuliza pia kuhusu kiti. Najua linachekesha, lakini viti vya ofisi vyenye mtungi wa gesi, mtu akikaa au akiinuka ghafla, vinaweza kutoa cheche ya umeme tuli ambayo kebo ya video huinasa, na kioo kikapotea kwa sekunde moja au mbili kisha kikarudi. Nimeliona kwa macho yangu kwenye ofisi yenye zulia. Mama Steshenari anakalia stuli ya mbao. Tukaendelea.

Swali ambalo sikuuliza siku ile ni hili: inafanya hivyo saa ngapi?

Mikono iliyotangulia

Kabla yangu alikuwepo fundi mwingine, kijana wa mtaani kwao, mwaminifu na mwepesi kufika. Alikuja mara tatu katika wiki tatu.

Mara ya kwanza alibadilisha kebo ya VGA, ile inayopeleka picha kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye monita, shilingi 10,000. Ikafanya kazi jioni nzima, kesho yake asubuhi ikagoma. Mara ya pili alitoa RAM, vile vibao vya kumbukumbu vya kompyuta, akazisugua kwa raba, akapiga Windows upya, 20,000. Ikafanya kazi jioni nzima. Mara ya tatu akasema umeme wa mtaa ule unayumba, akamshauri anunue stebilaiza, 70,000. Ikafanya kazi jioni nzima.

Sitaki kumcheka. Kebo ni kitu cha kwanza hata mimi ningekishuku, kwa kuwa ni rahisi na huharibika kweli. Ila kebo mbovu ya VGA mara nyingi hukuachia rangi kama ushahidi. Pini ya bluu ikipoteza mguso, weupe wote unakuwa njano. Ya kijani ikipotea, kioo kinakuwa cha zambarau. Mama hakuwahi kuona rangi ya ajabu. Kupiga Windows hakukuwa na msingi, lakini kwa wateja wengi ndiyo dawa inayotambulika, mtu anaona kazi imefanyika. Stebilaiza nayo ni kweli umeme pale huyumba.

Tatizo ni kwamba kila dawa ilionekana kuponya.

Mezani kwangu

Monita ililetwa na bodaboda saa saba mchana, imefungwa kwenye kanga, jua linawaka. Nikaichomeka. Ikawaka. Nikaizima nikaiwasha mara ishirini, ikawaka mara ishirini.

Hapo nikafanya kosa langu la kwanza, nalo nalieleza kwa kirefu kwa sababu nilikuwa nimejivunia wakati nalifanya. Nilisema: tatizo linalokuja na kuondoka linahitaji muda, nitaitesa. Nikaifungulia video, nikaiacha ikiwaka usiku kucha, mchana kutwa, na usiku wa pili. Saa arobaini na kitu bila kupepesa. Siku ya tatu nikamrudishia, nikamwambia monita yako ni nzima, tatizo liko kwenye soketi yako ya ukutani. Nikambadilishia soketi nikalipwa 8,000.

Kumbe kwa kutoizima sikuwa naitesa, nilikuwa naibembeleza. Monita ile haikuwahi kupoa hata dakika moja ikiwa kwangu.

Asubuhi iliyofuata, saa moja na dakika ishirini, simu ikaita. Hakunisalimia. "Fundi, njoo uchukue soketi yako."

Daftari

Nilimwomba jambo moja kabla ya kugusa chochote tena. Achukue daftari la dukani, na kila akiwasha monita aandike saa, aandike imegoma mara ngapi kabla ya kukubali, na chochote kingine alichokiona. Alikubali kwa shingo upande; alikuwa ameshalipa watu wawili na sasa anapewa kazi ya nyumbani.

Wiki ile daftari lilisema hivi. Jumatatu saa 1:15 asubuhi, mara kumi na moja. Jumanne saa 1:20, mara sita. Jumatano saa 1:10, mara saba. Siku hiyo umeme ulikatika saa nane mchana kwa nusu saa, uliporudi ikawaka mara ya kwanza. Alhamisi mara mbili tu. Ijumaa mara sita. Jumamosi mara saba.

Alhamisi ndiyo iliyonifungua macho. Nikamuuliza, Alhamisi kulikuwa na nini? Akafikiri. "Alhamisi nilipitia msibani kwanza. Nilifungua saa nne, jua limeshapiga bati."

Soma tena daftari ukiwa na jibu hilo. Jumatatu ni mbaya kuliko zote kwa sababu Jumapili duka hufungwa, monita inapoa saa thelathini na zaidi. Mchana umeme ukikatika na kurudi haina neno, kwa sababu bado ina joto. Na ile ya kuizima na kuiwasha mara sita ndipo ikubali haikuwa ubishi; kila jaribio lilikuwa linaipasha moto kidogo. Duka zima, fundi wa kwanza na mimi, tulikuwa tunapambana na kitu kimoja tusichokitaja: baridi.

Jumatatu, saa moja na robo

Nilimsubiri mlangoni, mvuke unatoka mdomoni. Nikamwomba afungue lakini asiwashe kitu.

Tukawasha kompyuta, kisha monita. Mwanga ukaja, nikahesabu moja, mbili, giza. Tena: moja, mbili, giza. Usawa ule wa sekunde mbili una maana. Waya uliolegea hauhesabu. Unakatika wakati wowote unaotaka. Kitu kinachozima kila mara kwa muda uleule ni kinga: saketi ya inveta imejiangalia, ikaona mirija haipati umeme inavyostahili, ikajifunga.

Nikachukua tochi ya simu, nikaimulika kwenye kioo cheusi kwa pembeni, karibu kabisa. Nikaziona ikoni zake zote, zimefifia kama kopi iliyotolewa na tona iliyoisha. Mama akainama akaona pia, akashtuka: "Kumbe imo!" Imo. Picha ipo, kioo kinaichora, ila hakuna taa nyuma yake.

Kisha kipimo ambacho hakina gharama na kinafaa kuwa cha kwanza kwa kila mtu. Nikachomoa kebo ya VGA kutoka kwenye monita, nikaizima nikaiwasha ikiwa peke yake. Monita nyingi zikikosa kebo huonyesha kijiboksi kinachoelea cha kukuambia uichomeke. Kijiboksi kikatokea, moja, mbili, giza. Hapo kebo, Windows, RAM na kompyuta nzima vilitoka kwenye orodha kwa mkupuo, ndani ya sekunde kumi. Nikaipima soketi: volti 228. Nikaichomeka monita moja kwa moja ukutani bila stebilaiza, hali ileile.

Likabaki suala la baridi. Mlango wa pili ni saluni, dada wa pale alikuwa ndiyo anafagia. Nikaazima drai. Monita nikaichomoa kwenye umeme, nikaipuliza kwenye matundu ya mgongoni upande wa bodi ya umeme, moto mdogo, dakika tatu hivi, nikihakikisha kioo chenyewe hakipati joto. Dada akachungulia mlangoni akasema, "Leo mnaseti monita?"

Nikaichomeka. Ikawaka, ikabaki inawaka.

Hapa nataka kuwa mwangalifu. Drai haikuthibitisha kwamba mbovu ni kapasita, vile vipande vya bodi vinavyohifadhi chaji na kuitoa; ilithibitisha joto. Mirija ya mwanga nayo huwa mizito kuwaka kwenye baridi, na viungo vya risasi vilivyopasuka navyo hubadilika vikipata joto. Ndiyo maana sikupuliza kingo za kioo ambako mirija imelala. Nilichokuwa nacho sasa ni mahali pa kufungua.

Ndani

Kwa asiyezoea: nyuma ya monita kuna kapasita kubwa ya upande wa umeme mkubwa, ambayo hubeba takriban volti 325 za mkondo mnyoofu, yaani 230 zidisha 1.414, na inaweza kubaki nazo baada ya kuchomoa plagi. Kuna wanaoitua kwa kugusanisha miguu yake na bisibisi. Cheche ile hula njia za shaba, na siku moja itakula kidole. Mimi hutumia balbu ya zamani ya wati 40, ya uzi, yenye waya mbili: naigusisha, natulia kidogo, halafu nathibitisha kwa mita kabla ya kuingiza mkono. Waya nyembamba za waridi na nyeupe zinazokwenda kwenye mirija usiziguse kabisa monita ikiwa imewashwa. Wakati wa kuwaka hupita zaidi ya volti elfu moja.

Skrubu nne chini ya stendi, kisha beseli, ile fremu ya mbele, nikaifungua kwa kadi ya benki iliyoisha muda, pole pole kuzunguka. Chini ya bati la kinga kuna bodi mbili. Kwenye bodi ya umeme, pembeni ya bati la kupoozea, kapasita mbili za mikrofaradi 470 za volti 25 zilikuwa zimevimba vichwa, kama kopo la nyanya lililoharibika. Hizo ndizo zinazosawazisha laini ya volti 14 inayolisha inveta. Kwenye laini hiyohiyo kulikuwa na moja ya 1000 za volti 25, na kwenye laini ya volti 5 inayolisha bodi ya picha kulikuwa na mbili za 1000 za volti 10. Hizi tatu vichwa vyake vilikuwa tambarare kabisa.

Nikang'oa mbili zilizovimba. Mita ilisoma 310 na 190, badala ya 470.

Kwa nini baridi? Ndani ya kapasita ya aina hii kuna karatasi iliyoloweshwa maji ya kemikali. Miaka inavyokwenda maji hayo hukauka, na ukinzani wa ndani, ambao mafundi huuita ESR, hupanda. Yakipoa huwa mazito, ukinzani unapanda zaidi. Asubuhi inveta inapotaka kuwasha mirija minne kwa mpigo, huvuta mkondo mwingi ghafla. Kapasita yenye ukinzani mkubwa haiwezi kuutoa, volti 14 inadondoka, kinga inaona hatari, inafunga. Kila jaribio linapitisha mkondo kwenye ukinzani huohuo na kuzalisha joto humohumo ndani, mpaka jaribio la saba linakuta kapasita imeshalainika. Mama alikuwa anapasha moto kapasita zake kwa swichi.

Kwa nini zikafa? Kapasita nyingi za daraja hili hupewa saa 2,000 kwa nyuzi joto 105, na kanuni inayotumika ni kwamba kila ukipunguza nyuzi 10 maisha yanaongezeka maradufu. Kwenye nyuzi 75, joto ambalo si la ajabu karibu na bati la kupoozea, unapata kama saa 16,000. Duka linawasha monita saa kumi kwa siku, siku sita kwa wiki, ni saa 3,120 kwa mwaka. Miaka mitano na ushei. Na hii ilikuwa na maisha mengine Ulaya kabla haijafika kwake.

Nikaweka mbili mpya za 470, volti 25, nyuzi 105, aina ya ukinzani mdogo, nikiangalia mstari wa hasi uangukie kwenye nusu iliyopakwa nyeupe kwenye bodi. Zile tatu tambarare nikaziacha. Kwenye boksi sikuwa na za kipimo hicho, vifurushi vya spea huja kwa basi kutoka mjini siku ya pili, na mitihani ilikuwa inasubiri. Nilijiambia kwamba zinaonekana nzima. Safari hii niliilaza monita barazani kwangu ikiwa imezimwa, usiku wa baridi tatu mfululizo, nikaiwasha saa kumi na mbili na nusu kila asubuhi. Mara zote tatu ikawaka kwa mguso wa kwanza. Nikampelekea.

Ilirudi

Siku tisa baadaye akanipigia, safari hii amenisalimia kwanza, jambo lililonitia hofu zaidi. "Kaka, sasa haiwaki kabisa. Kitaa kinapepesa tu."

Dalili ni nyingine. Hakuna sekunde mbili za mwanga, hakuna ikoni ukimulika tochi. Kitaa cha kijani kinawaka na kuzima kama moyo, na baada ya dakika kumi hivi monita inaamka yenyewe. Paua saplai, yaani ile bodi ya umeme, ilikuwa inajaribu kuanza, inashindwa, inajaribu tena.

Niliwahi alfajiri nikaifungulia palepale dukani. Kapasita za laini ya volti 5 bado zilikuwa tambarare kama shilingi. Nikaing'oa moja nikaipima: 870. Inaruhusiwa kupungua hadi 800 na bado ikahesabika nzima. Kwa macho ni nzima, kwa mita ni nzima.

Nikairudisha, nikachukua mpya ya 1000 nikaishikiza kwa risasi upande wa chini wa bodi, sambamba na ya zamani, chanya kwa chanya. Hakuna nilichotoa, hakuna drai. Nikawasha kwenye baridi ileile: ikawaka papo hapo. Nikaitoa ile mpya, nikaacha ipoe: ikarudi kupepesa. Mita ya kawaida inakuambia kapasita inahifadhi chaji kiasi gani. Haikuambii inaitoa kwa shida kiasi gani. Mpya ikikaa sambamba, mkondo unapata njia rahisi ya kupita, na ugonjwa unajitaja.

Zote tatu zilizobaki zikabadilishwa. Kwa laini ya 5 sikupata za volti 10 nikaweka za 16, ambazo zinaruhusiwa mradi urefu uingie chini ya bati. Kushuka chini ya volti iliyoandikwa ndiko kusikoruhusiwa. Kazi hii ya pili sikumtoza.

Matokeo

Baridi yote iliyobaki monita iliwaka kwa mguso mmoja. Daftari aliendelea nalo mwenyewe kwa wiki mbili, akiandika "1, 1, 1", kisha akachoka. Mwezi Februari akaniambia kona ya chini inaanza na wekundu kwa dakika ya kwanza. Huo ni uzee wa mirija, ambao hauponywi kwa kapasita. Akanunua LED iliyotumika, na hii ikawa akiba.

Hesabu zake: kebo, Windows na stebilaiza 100,000. Soketi yangu isiyohitajika 8,000, ambazo nilizikata kwenye bili ya mwisho. Kapasita tano kwa 800 kila moja ni 4,000, na ufundi 21,000. Wakati ule monita iliyotumika ya ukubwa huo ilikuwa inauzwa 90,000.

Uchambuzi

Daftari lilifanya kazi kuliko kifaa chochote nilichokuwa nacho, na thamani yake haikuwa kwenye siku tano zilizofanana bali kwenye Alhamisi moja iliyokwenda kombo. Kama mama asingepitia msibani pengine ningekuwa bado nabadilisha soketi. Kwa tatizo linalokuja na kuondoka, siku ambayo halikutokea inahitaji kuulizwa maswali mengi kuliko siku lilipotokea.

Kipimo cha kuchomoa kebo ya video kilipaswa kufanyika kwenye ziara ya kwanza ya fundi wa kwanza. Lakini lazima kifanyike wakati ugonjwa upo. Kingefanywa saa tisa alasiri kijiboksi kingeelea bila shida, na sote tungeshawishika kwamba kosa ni la kompyuta. Kipimo kizuri kwa wakati mbaya kinapotosha kuliko kutopima.

Uamuzi wa kuacha kapasita tatu tambarare ulikuwa mbaya, na sijitetei kwa kukosa spea. Ningeweza kumwazima monita kwa siku mbili nikasubiri basi. Kapasita tano zimezaliwa siku moja, zimekaa kwenye joto lilelile miaka ileile. Mbili zikiwa zimekufa, hizo tatu nyingine ziko njiani hata kama hazijavimba. Siku hizi nabadilisha kapasita za laini zote za upande wa volti ndogo kwa pamoja, na najadiliana na mteja bei kwa msingi huo kabla sijashika bisibisi. Kuna mafundi wazuri wanaosema hiyo ni kubadilisha vitu vizima. Kwa monita ya 2008 nadhani wanakosea. Kwa kifaa cha miaka mitatu ningewasikiliza.

Ule mtihani wa saa arobaini kwenye meza yangu ulikuwa mtihani wa kitu ambacho mteja hakulalamikia. Hakusema inazima ikishawaka kwa muda. Alisema inazima hapohapo, haikubali kubaki inawaka. Nilisikia "kinazima" nikajibu neno hilo moja.

Baadaye nilikutana na yule fundi wa kwanza kwenye duka la spea, tukacheka tukapeana chai. Nikamweleza habari za drai na daftari. Akatikisa kichwa, akasema yeye kila alipotoka pale aliiacha ikiwaka vizuri, hata mama mwenyewe ni shahidi.

Nikamuuliza, "Kwani ulikuwa unaenda saa ngapi?"

"Saa nane," akasema. "Nikishakula."